Samli kwenye Kirungu cha Gia

Mjukuu wangu alikuja juzi na gari linalobadilisha gia lenyewe. Akanikalisha mbele, akanifunga mkanda, akasema, "Babu, tulia tu." Nilitulia. Lilipoanza kupanda kutoka mtoni nikasikia injini inashusha sauti, halafu inapandisha, na mkono wa kijana uko kwenye simu. Nikamwuliza, "Sasa hapa uko gia ya ngapi?" Akasema hajui, tena hana haja ya kujua. Amempakia babu yake, anapanda mlima, na hajui yuko gia ya ngapi. Nikamwambia anishushe. Nilimalizia njia kwa miguu, na mpaka leo nyumbani wananisema kwa hilo.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaojifunza udereva, hasa wa Mbulu na Hanang, maana wenzenu wa kwenye lami tambarare wanaweza kuzeeka bila kuhitaji haya. Niliendesha malori tangu enzi za Mwingereza mpaka magoti yalipoikataa klachi, na sikumuua mtu barabarani. Majirani husema nilikuwa na bahati. Haikuwa bahati. Nilikuwa nashuku kila kitu: breki, tairi, mvua, ng'ombe waliosimama kando ya njia wakijifanya hawana mpango wa kuvuka. Zaidi ya vyote nilishuku gia, na wale walioishika kabla yangu.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Saidi, dereva wa zamani wa malori ya jeshi, aliyerudi Mbulu kutoka vita vya Habeshi na koti zito ambalo hakulivua hata wakati wa jua kali. Nilianza kwa kumwoshea lori. Siku aliyokubali kunifundisha hakuwasha injini. Alinikalisha kwenye usukani, akanifunga macho kwa kitambaa, akaniambia nizitafute gia zote kwa mkono.

"Umeshikaje hapo?" akaniuliza.

"Nimekamata sawasawa, mzee."

"Ndiyo maana husikii kitu. Ukikamata, unasikia nguvu zako mwenyewe. Weka kiganja wazi. Gia ikuambie iko wapi."

Nilikaa na kitambaa usoni asubuhi nzima, wapita njia wakinicheka. Lakini nilipofunguliwa nilijua kwamba gia ya pili ya lori lile ilikuwa na ukaidi kidogo kabla ya kuingia, na ya tatu ilikuwa mwongo. Ilikubali nusu, ikakufanya udhani imeingia, na ukiachia klachi inaruka. Mzee Saidi alifurahi niliposema hivyo. Alisema gia inayokataa si mbaya, maana inasema wazi kwamba imekataa. Ya kuogopa ni ile inayokubali upesi. Maneno hayo nimeyatumia kwa magari, na kwa watu pia nimeyatumia sana.

Nyinyi hamkuzikuta gia za malori yale, kwa hiyo nieleze. Ndani ya giaboksi kuna meno ya chuma yanayozunguka kwa mwendo tofauti, na siku zile hapakuwa na kitu cha kuyapatanisha isipokuwa wewe. Ukitaka kushusha gia mlimani, unakanyaga klachi, unatoa gia, unaweka frii, unaachia klachi, unakanyaga mafuta kidogo ili meno yaliyolala yaamke, unakanyaga klachi tena, ndipo unaingiza. Wakati wote huo lori linazidi kuchoka na mlima unalivuta nyuma. Ukipatia, mkono wa gia unaingia wenyewe kama umevutwa kutoka chini. Ukikosea, chuma kinapiga kelele mpaka sokoni watu wanageuka. Mzee Saidi akisikia kelele hiyo hufumba macho kama mtu aliyekanyagwa kidole.

Kila gari lilikuwa na mkono wake. Niliwahi kuendesha Landrova ya bwana mifugo kutoka Mbulu hadi Dongobesh, dereva wake alipougua malaria. Ilikuwa na mikono mitatu sakafuni, mmoja mkubwa na miwili midogo ya rangi, na kabla sijaondoka niliigusa yote huku nikimtazama bwana mifugo usoni nione kama atashtuka. Gia ya kwanza na ya pili zilikuwa kama za lori, zinataka heshima zao zote. Ya tatu na ya nne zikaingia laini bila kuniuliza neno. Bwana mifugo akasema, "Nzuri, siyo?" Nikamjibu ni nzuri. Moyoni nilijiuliza kwa nini zimekubali haraka hivyo.

Padri mmoja alikuwa na gari dogo ambalo mkono wa gia ulichomoza kwenye usukani. Unavuta kwako, unashusha, unasukuma mbele, unapandisha. Sikulipenda kabisa. Kiganja kinashika hapa juu, gia inaingia kule chini mbali, na katikati kuna vyuma vingi vya kupokezana habari. Nilikuwa sisikii chochote. Padri mwenyewe alikuwa anabadilisha gia huku anapunga mkono kwa waumini, na nilipopewa lifti nilikuwa nashuka njiani kabla hatujafika kwetu Tlawi, nasema nina shangazi hapo. Shangazi sikuwa naye.

Lakini lori lililonifanya nishike kalamu ni lile tuliloliita Mama Mkwe. Lilikuwa mabaki ya vita, rangi ya jeshi ikichungulia chini ya bluu aliyolipaka tajiri. Tuliliita hivyo kwa sababu ulipaswa kulikaribia kwa adabu, bila haraka, na bila kulitazama sana usoni. Tajiri alikuwa Mzee Shabani, mfanyabiashara wa Katesh mwenye ghala jingine Mbulu mjini. Baba yake alitoka upande wa Kondoa. Alikuwa mtu wa swala tano, mpole wa sauti, na alikuwa na desturi ya kulinusa lori likirudi. Alizunguka bodi lote akinusa, ajue kama tumebeba samaki wa mtu mwingine.

Kazi tuligawana wawili. Mimi, Tarmo, mtu wa Tlawi, nilikuwa dereva wa mlima. Nilitoka Mbulu, nikapita Dongobesh, nikashuka mlima wa Dareda mpaka Mogitu. Pale Mogitu palikuwa na kibanda cha chai, na hapo nilimkabidhi lori Gidamis, dereva wa mbuga, ambaye alilipeleka Katesh na Basotu. Mimi nilimsubiri Mogitu mpaka arudi na samli, ngozi na samaki wakavu, nikapandisha mzigo Mbulu. Gidamis alikuwa mtoto wa wafugaji wa Kibarabaigi chini ya Mlima Hanang, mrefu mpaka kichwa kiligusa dari ya lori. Alilijua tope jeusi la mbugani. Tope lina gia yake: unaingiza ya pili ukiwa bado pakavu na hubadilishi tena mpaka utoke, hata injini ilie. Yeye alijua hayo, mimi nilijua mlima, na hakuna aliyemfundisha mwenzake. Tulipeana hendeli ya kuwashia injini, tukasalimiana, kila mtu akashika njia yake.

Siku moja Mzee Shabani alituita wote wawili pale Mogitu. Akasema ameagiza lori jipya, litakuja kutoka Arusha, na Mama Mkwe litauzwa.

"Lori moja, dereva mmoja," akasema. "Mlima na mbuga, mtu mmoja. Nitaangalia ni nani."

Kisha akachukua birika la maji akaenda kutawadha, akatuacha tumesimama. Mimi nilikuwa nimeoa karibuni, na nyumba yangu Tlawi ilikuwa kuta tupu, haijaezekwa. Kazi nyingine ya maana sikuwa nayo. Tangu saa ile nilianza kumtazama Gidamis mikono, na nina hakika naye alianza kunitazama yangu.

Haukupita muda mkono wa gia ukavunjika. Ulivunjikia mbugani karibu na Basotu, Gidamis akiwa kwenye tope, na spea ya Arusha ingechukua muda usiojulikana. Lori liliporudi Mogitu nikakuta mkono mpya, mfupi, mnene, na juu yake kirungu cha chuma kilichopigwa nyundo mpaka kikawa duara. Alama za nyundo zilichoma kiganja. Mkono wa zamani ulikuwa mrefu na ulitetemeka ukiwa frii, na kwa mtetemo ule nilijua injini inataka nini. Huu ulikuwa bubu.

"Nani ametengeneza hii?" nikamwuliza Gidamis.

"Wafua chuma wa kwetu," akasema, akaangalia pembeni.

Nilikiona kile kitendo cha kuangalia pembeni, nikakiweka. Kila mtu wa upande wetu alijua kwamba siku zile wafugaji wa Hanang hawakuoana na wafua chuma wala kula nao chombo kimoja. Mkuki watanunua kwao, urafiki unaishia hapo. Nilijua hivyo kama mnavyojua nyinyi mambo ya majirani, juu juu. Nilidhani Gidamis ana aibu tu kwa kuwaomba msaada watu ambao kwao hawathaminiwi.

Safari iliyofuata, nilipopokea lori Mogitu na kuweka kiganja, kirungu kikateleza. Nikanusa. Samli. Tulikuwa tumebeba madebe ya samli, kwa hiyo kwanza nilishuku debe limevuja. Nikapanda nyuma nikayapapasa yote, makavu. Nikashuku wapakiaji, nikawaangalia viganja, vilikuwa na vumbi la ngozi tu. Akabaki mtu mmoja. Nikachukua tambara, nikachota majivu kwenye jiko la kibanda cha chai, nikakisugua kirungu mpaka kikawa cheupe.

Nilipopokea lori tena, samli imerudi, tena nyingi kuliko mwanzo, imeshuka mpaka kwenye shingo ya mkono. Nikasugua tena. Safari ya tatu hali ile ile. Sasa sikuwa na haja ya kuuliza, hesabu ilikuwa wazi kichwani mwangu. Mbugani mtu anaingiza gia moja anakwenda nayo, kwa hiyo kirungu kikiteleza hakimdhuru. Anayebadilisha gia kila kona ni mimi. Nikikosea mlimani tajiri ataambiwa Tarmo hawezi, na lori jipya litakuwa na mwenyewe. Usiku sikulala vizuri, mke wangu akaniuliza ninaumwa nini, nikamwambia tumbo. Sikutaka jambo hilo lifike kwa mtu yeyote kabla sijalimaliza mwenyewe.

Kisha ikaja siku ya mnada wa Katesh. Lori lilijaa, na juu ya madebe walikaa akina mama waliotoka mnadani. Nilikuwa nimekisugua kirungu kama kawaida, lakini safari ile jua lilikuwa kali na samli iliyojificha kwenye zile alama za nyundo ikayeyuka, ikatoka polepole wakati napanda. Chini ya kona ya mwisho ya mlima wa Dareda injini ikachoka kwenye gia ya tatu. Nikakanyaga klachi, nikatoa, nikaweka frii, nikapiga mafuta, nikakanyaga tena, nikavuta kuingiza ya pili. Mkono ukaponyoka. Ngumi yangu ikapiga goti langu mwenyewe, na Mama Mkwe akabaki frii, akasimama, akaanza kurudi nyuma.

Breki zake kwa mzigo ule zilikuwa za kuomba dua. Zilipunguza mwendo, hazikusimamisha. Upande mmoja ulikuwa wazi, unaona miti ya Dareda kwa juu. Nikageuza usukani upande wa mlima, nyuma ya lori ikagonga ukuta wa udongo, tukasimama. Wapakiaji wakaruka na mawe wakayaweka chini ya magurudumu. Debe moja lilianguka likapasuka, samli ikatiririka barabarani. Hakuna aliyevunjika. Mama mmoja akaja dirishani na kilemba chake mkononi, akaniuliza kwa upole, "Dereva, ulikuwa umelala?"

Nilikuwa naangalia kiganja changu, kinang'aa. Niliogopa, nasema wazi, na chini ya woga ule kulikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tena.

Nilifika Mogitu safari iliyofuata nimeshaamua kwamba hendeli simpi mpaka aseme. Gidamis alikuwa amekaa nje ya kibanda, fimbo yake magotini. Alikuwa amenizidi umri, na kwetu hata mtu unayemshuku kutaka kukuua, unamwamkia kwanza.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Habari za mlima?"

"Mlima ulitaka kutumaliza, mimi na mama za watu. Mkono uliteleza. Kuna mtu anapaka samli kwenye gia."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kukataa kwake. Nilikuwa na majibu ya kila uongo atakaosema.

"Ni mimi," akasema. "Na anayepangusa ni wewe?"

"Ni mimi. Nataka kuishi."

"Na mimi nataka mtoto wangu aishi." Akasimama, na fimbo ikaanguka, hakuiokota. "Nimekukosea nini, mtu wa mlimani?"

Nikamwambia aache kunizungusha, aseme. Akatazama kibandani kama kuna mtu anasikiliza, akanisogeza nyuma ya lori, akazungumza kwa sauti ya chini.

"Kile chuma kimetoka mkononi mwa mfua chuma. Kwetu kitu chao hukishiki hivi hivi. Unakipaka samli, kinakunywa, kinakauka, ndipo kinakuwa chako. Mke wangu ana mimba. Watoto wawili wa kwanza hatukukaa nao. Basi nilipaka. Nikija kuchukua lori hapa nakuta kimepanguswa, tena kwa jivu. Nikapaka tena. Ukapangusa tena. Nikaongeza, ukaongeza na wewe. Nikasema, huyu amejua mke wangu ana mimba, anataka iharibike, mimi nikae nyumbani, yeye apate lori."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungecheka. Hawa wa chai wangecheka. Dereva mwenye leseni, mwenye suruali, anaogopa kipande cha chuma. Na tajiri anatafuta wa kumwondoa."

"Ungepaka mara ngapi mpaka kiwe chako?"

"Mara moja," akasema Gidamis. "Ungeiacha safari moja tu, ingekauka."

Tulitazamana. Mimi nilipangusa kwa sababu yeye alipaka, na yeye alipaka kwa sababu mimi nilipangusa, na tungeendelea hivyo mpaka mmoja afie mlimani. Hakuna aliyecheka.

Msidhani nilimwamini papo hapo. Nilimwambia anionyeshe hiyo samli. Akafungua mfuko wake akatoa kibuyu kidogo alichopewa na mama yake, kimefungwa kwa ngozi. Nikanusa. Samli ya debe na samli ya kibuyu cha mama hazifanani. Hii ilikuwa na harufu ya moshi wa mti wanaofukizia vibuyu, ile ile niliyokuwa nayo kiganjani siku ya mlima. Nikainusa tena. Ndipo nikampa hendeli.

Lakini gia bado ilikuwa inateleza, na mlima bado ulikuwepo. Hapo ndipo tulipozungumza kazi kwa mara ya kwanza, dereva na dereva. Tulikubaliana apake, na safari moja Mama Mkwe libaki Mogitu siku nzima juani, tumwambie tajiri tairi limetoboka. Samli ikanyonywa. Mama yangu Tlawi alikuwa fundi wa sketi za ngozi, zile za shanga walizovaa akina mama wa Kiiraqw kwenye sherehe. Nikamwomba kipande cha ngozi laini, akakishona juu ya kirungu kwa uzi wa mshipa, mshono ukipita katikati. Hakuuliza cha nini. Alisema tu kwamba kichwa hiki ni kidogo mno kwa kofia.

Nimeshika gia nyingi baada ya hapo, na sijashika nyingine kama ile. Ngozi ilikamata kiganja bila kukibana. Mshono ulilala chini ya kidole cha kati, nikiusikia umehama kidogo nilijua niko gia gani bila kutazama. Alama za nyundo hazikuchoma tena. Ule mkono niliouita bubu ukaanza kusema kwa mtetemo mdogo wa ndani, tofauti na wa zamani, lakini ulisema. Gidamis alinifundisha tope, nami nikampandisha mlima wa Dareda akiwa kwenye usukani, macho yamefungwa kwa kitambaa kwanza, lori limezimwa, kama Mzee Saidi alivyonifanya. Alipata gia zote isipokuwa ya kurudi nyuma. Alisema mbugani haihitajiki.

Tukawa tunakunywa chai pamoja pale Mogitu. Na hilo ndilo lililomtia shaka Mzee Shabani.

Alifika bila kutuarifu, akatukuta tunacheka. Akasimama mbali akitutazama, kisha akaenda kwenye lori akaanza kunusa. Alinusa bodi, akanusa magurudumu, akaingia ndani akanusa kirungu cha gia. Akatoka na uso mwingine.

"Samli yangu inafanya nini kwenye gia?"

Gidamis akaangalia chini. Nikamweleza tajiri yote, kwa heshima, tangu mwanzo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaamuru madebe yote yafunguliwe, moja baada ya jingine, akachovya kijiti katika kila debe kuona kama yamejaa. Yalikuwa yamejaa. Hilo halikumpunguzia shaka, likamwongezea, maana sasa hakujua tunaiba nini.

"Nimefanya biashara tangu kijana," akasema. "Dereva mmoja simwamini. Wawili wanaogombana, kila mmoja ananilindia mwenzake. Lakini wawili wanaocheka pamoja kwenye lori langu, hapana."

Akatembea huku na huku akifikiri. Nilijua kazi imekwisha, na nikafikiria zile kuta tupu za Tlawi. Mwishowe akasema Mama Mkwe halitauzwa. Gidamis atabaki nalo mbugani. Lori jipya litakuwa langu, la mlima. Hatutashika gari moja tena, na mzigo tutakabidhiana Mogitu mbele ya ndugu yake, ili ajue uovu wetu unapita wapi. Alituadhibu hivyo, kwa sauti yake ya upole, na sisi tukainamisha vichwa tukasema ndiyo mzee. Alipoondoka tulirudi kukaa kwenye benchi. Gidamis akaagiza chai nyingine, na mimi nikalipa.

Shaka ya Mzee Shabani ndiyo iliyoezeka nyumba yangu. Msije mkaniambia kushuku ni ubaya.

Lori jipya likaja. Lilikuwa kijani, lina harufu ya rangi, na mkono wake wa gia ulikuwa mwembamba, umepinda kidogo kuja kwa dereva, na kirungu cheusi laini. Gia ya tatu na ya nne ziliingia zenyewe. Nilishuka nalo Dareda nikiwa na wasiwasi tangu juu hadi chini, kwa sababu lilikubali kila nilichoomba. Nikafika Mogitu. Gidamis alikuwa amefika na Mama Mkwe. Mtoto alikuwa amezaliwa, wa kike, mzima, na sauti yake, alisema baba yake, inasikika mpaka Basotu. Akalizunguka lori jipya, akalisifu, akaomba aingie akae kidogo kwenye usukani. Nikamruhusu, nikaenda kusimamia mzigo ukihamishwa.

Tulipomaliza tukaagana, akaenda zake. Nikapanda, nikawasha, nikaweka kiganja kwenye gia. Kikateleza.

Nikanusa kwanza, maana mimi ni mimi. Ilikuwa na moshi wa kibuyu. Hakuna aliyejua ni nani aliyekipiga chuma kile huko Ulaya, wala kama kingemdhuru mtoto wa atakayekishika bila samli. Mke wangu wakati ule alikuwa na mimba changa, na nilikuwa nimemwambia mtu mmoja tu.

Tambara lilikuwa chini ya kiti, na majivu yalikuwa pale jikoni kwenye kibanda. Mbele yangu kulikuwa na mlima mzima na mzigo kamili. Nikaingiza gia ya pili nikiwa bado chini ya mlima wa Dareda, pakiwa tambarare, kama mtu wa mbugani anavyoingia topeni, ili nisiwe na haja ya kubadilisha, na nikapanda hivyo hadi juu, injini ikilia, kirungu kikiteleza kiganjani. Sikukipangusa.